Vita imekwisha, mnara haujaisha

Hilo kanisa halipo popote duniani, nakwambia mapema usije ukahangaika kulitafuta kwenye ramani. Kilima kimejaa miti, mto unapita chini, mji wa kizamani umebanana pembeni, na juu kabisa limekaa kanisa kuu la Gothiki, ule ujenzi wa zama za kati, lenye minara ya kuchongoka, linapigwa na mwanga huku mawingu meusi ya dhoruba yanaondoka zake na upinde wa mvua umelizunguka. Yote hayo yalitoka kichwani mwa mtu mmoja, Karl Friedrich Schinkel, mtu wa Prussia, ule ufalme wa Wajerumani uliokuwa na makao yake Berlin, mwaka 1815. Picha inaitwa Mji wa zama za kati kando ya mto, ni rangi za mafuta kwenye turubai, upana kama mita 1.4 hivi, na iko hapa Berlin, Alte Nationalgalerie, kwenye kile kisiwa chenye makumbusho matano.

Kiukweli mimi picha za namna hii huwa hazinikai. Upinde wa mvua, mtawala juu ya farasi, wananchi wanapokea msafara, yaani ni kama kalenda ya benki. Ila kuna jamaa ninayesoma naye, mtoto wa Berlin huyu, ndo akanisimamisha pale mbele akaniambia angalia minara. Nikaangalia. Mmoja haujaisha! Haujafika juu, bado kuna majukwaa ya mafundi na bendera imechomekwa kileleni. Sasa nikawa najiuliza, mtu unachora kanisa la kufikirika, hulipii mawe wala hulipii mafundi, rangi ni ile ile tu, kwa nini usilimalize?

Hilo swali limenikaa kichwani muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na kulijibu lazima turudi nyuma kidogo kwenye vita yenyewe.

Oktoba 1806 Napoleon aliisambaratisha Prussia kwa siku moja, tarehe 14, kule Jena na Auerstedt, na kabla mwezi haujaisha alikuwa ameshaingia Berlin anapita katikati ya Lango la Brandenburg. Lile gari la farasi wanne juu ya lango, sanamu kubwa kabisa, akaamuru lishushwe, likafungwa kwenye masanduku likapelekwa Paris. Ukiwa mkazi wa Berlin wakati ule kila ukipita pale unaona lango lina kipara. Nchi ikapunguzwa mipaka, ikabebeshwa fidia ya vita ya kulipa mpaka ikafilisika, na askari wa kigeni wanataka kula kila siku.

Schinkel alikuwa na miaka 25, msanifu majengo aliyerudi kutoka Italia mwaka mmoja tu uliopita, na nchi iliyofilisika haimpi msanifu majengo kazi. Akaangukia kwenye kuchora. Na sio picha za kutundika tu, alikuwa anatengeneza maonyesho, mapicha makubwa yamewekewa taa na muziki, watu wanalipa kiingilio wanakaa gizani wanatazama miji ya mbali ambayo hawatafika. Moscow ilivyoungua Septemba 1812, mwaka haujaisha yeye ameshawawekea watu wa Berlin ule moto jukwaani. Na moto alikuwa anaujua. Mwaka 1787, akiwa na miaka 6, mji aliozaliwa, Neuruppin, uliungua karibu wote, na baba yake, mchungaji, akafariki kutokana na hekaheka za kupambana na ule moto. Kwa hiyo ukiona dhoruba na mwanga vimekaa vizuri namna ile kwenye picha ya 1815 ujue huyu bwana alikuwa mtu wa shoo, alijua watu wakishusha pumzi wanashusha wakiangalia wapi.

1813 mambo yakageuka. Mfalme Friedrich Wilhelm III akawaita wananchi, na wananchi wakaja kweli, wanafunzi waliacha vyuo, wengine wakajinunulia sare wenyewe, akina mama wakatoa dhahabu zao wakapewa vito vya chuma. Ile nishani ya Msalaba wa Chuma ilianzia hapo, mfalme akatoa rasimu na Schinkel akaichora vizuri, na jipya lake ni kwamba hata askari wa kawaida aliweza kuvishwa, sio maofisa wa ukoo bora peke yao. Oktoba hiyo wakampiga Napoleon Leipzig, vita ya siku nne, maiti kila mahali. 1814 farasi wanne wakarudishwa Berlin, na Schinkel huyo huyo akapewa kazi ya kumchorea yule mungu wa kike anayeendesha lile gari fimbo mpya yenye msalaba wa chuma na tai. Ukipita leo pale langoni ndo unachokiona juu, kazi ya kijana aliyekuwa hana tenda.

Sasa ndani ya makumbusho hayo hayo kuna picha nyingine ambayo lazima uione kabla hujaisema hii ya Schinkel. Ni ya Caspar David Friedrich, Abasia katika msitu wa mialoni, ya mwaka 1809 na 1810. Nayo ni kanisa la Gothiki, ila kilichobaki ni ukuta mmoja wenye dirisha refu lisilo na kioo, miti haina jani hata moja, theluji chini, makaburi yameinama, na watawa wamebeba jeneza wanapita kwenye mlango ambao nyuma yake hakuna kanisa. Lile gofu alilichukua Eldena, karibu na Greifswald alikozaliwa. Picha ilionyeshwa Berlin 1810, Prussia ikiwa bado mikononi mwa Napoleon, na aliyeinunua ni mfalme, Friedrich Wilhelm III mwenyewe, mwanae alimng'ang'aniza.

Yaani fikiria. Kati ya picha hizi mbili ni miaka mitano tu. Nchi ikiwa imeshindwa, kanisa ni gofu na jeneza linaingia. Nchi ikiwa imeshinda, kanisa lipo juu ya kilima na mafundi wako kazini. Friedrich na Schinkel hawakukaa kikao wakapanga hivo, na Friedrich makanisa yaliyobomoka aliendelea kuyachora hata baada ya ushindi, lakini watu wa wakati ule kanisa la Gothiki walilisoma hivyo hivyo, kama habari ya taifa. Tangu mshairi Goethe alivyoandika 1772 kuhusu kanisa kuu la Strasbourg, akisema huu ndio ujenzi wa Kijerumani, Wajerumani wengi waliamini Gothiki ni mali yao ya urithi, tofauti na nguzo za Kigiriki na Kirumi ambazo Napoleon alikuwa anazipenda kupita kiasi.

Na hapa kuna kituko. Gothiki ni ya Wafaransa! Ilianzia Saint-Denis, nje kidogo ya Paris, kwa abati Suger, ile sehemu ya altare ikafunguliwa 1144, ikasambaa kutoka huko. Kanisa kuu la Cologne ambalo Wajerumani walikuwa wanalililia kama roho ya taifa limefuata kwa karibu sana kanisa la Amiens, Ufaransa. Kwa hiyo Schinkel alisherehekea kumfukuza Mfaransa kwa kuchora jengo la Kifaransa, na watu hawakuja kulikubali hilo mpaka wataalamu wa miaka ya 1840 walipoanza kulinganisha tarehe.

Haya, turudi kwenye mnara.

Maelezo ya kawaida utakayoyapata ni haya: dhoruba ni Napoleon, upinde wa mvua ni amani, mtawala anayerudi na msafara wake ni mfalme ametoka vitani, kanisa ni Ujerumani, na mnara ambao haujaisha ni umoja wa Ujerumani ambao bado unajengwa, maana wakati huo hakukuwa na nchi moja inayoitwa Ujerumani, kulikuwa na vifalme na miji kadhaa kila mmoja na lake. Sikatai. Ila mimi nikiangalia zile kazi za mafundi naona kitu kingine, naona deni.

Kwa sababu mwaka huo huo wa picha, tarehe 22 Mei 1815, mfalme alisaini amri akiahidi kwamba wananchi watapata uwakilishi na nchi itapata katiba ya kuandikwa. Angalia tarehe vizuri. Napoleon alikuwa ametoroka kisiwani Elba, amerudi Paris, jeshi lake limejaa tena, na Prussia ilikuwa inawahitaji wale wale vijana wa kujitolea warudi uwanjani. Ahadi ikatoka. Mwezi uliofuata, Juni 18, Waterloo, Napoleon kwisha habari yake. Halafu ikaanza tume, ikaja kamati, mashauriano ya mikoa, subirini kwanza, wakati bado, Mtanzania yeyote aliyefuatilia habari za katiba mpya ataguna hapa. Mfalme aliishi miaka mingine 25. Akafa 1840 na katiba hakutoa.

Kwa hiyo yule mtawala anayerudi pale chini kwenye picha, ameshangiliwa, amepokelewa, farasi anatembea taratibu, anaelekea kwenye mji ambao kuna kazi juu ya mlima aliahidi itaisha. Simsingizii Schinkel kwamba alimpiga kijembe mfalme. Alikuwa mtumishi wa serikali, na mwaka huo huo wa 1815 alipandishwa cheo idara ya ujenzi, sio mtu wa kukata tawi alilokalia. Jamaa yangu yeye anasema kinyume kabisa, anasema mnara umeachwa vile ili kumpamba mfalme, kwamba aliyeleta ushindi ndiye atakayemalizia, na bila yeye mafundi wangekaa. Tumebishana sana hilo. Nakubali kwamba mwaka 1815 picha iliweza kusomwa kama anavyosema. Ila picha inabaki ukutani wakati ahadi inachacha, na kuanzia mwaka 1820 huko mtu aliyeacha mguu wake Leipzig akisimama mbele ya mnara ule hawezi kuuona kama alivyouona siku ya kwanza.

Na hii sio nadharia tu. Kulikuwa na mwandishi wa Koblenz, Joseph Görres, mwenye gazeti la Rheinischer Merkur, gazeti ambalo lilimchachafya Napoleon kuliko mengine yote upande ule. Novemba 1814 aliandika kwamba kanisa kuu la Cologne lililokwama tangu zamani limalizwe, liwe mnara wa kumbukumbu wa taifa zima, na magofu yake ya sasa ni picha ya Ujerumani yenyewe ilivyo. Makala ile ilisomwa sana. Na huyo huyo Görres alikuwa anadai katiba. Januari 1816, miezi michache baada ya Waterloo, serikali ya Prussia ikalifungia gazeti lake, na 1819 ikabidi akimbilie Strasbourg, yaani Ufaransa, ili asikamatwe na nchi aliyoipigania kwa kalamu.

Schinkel naye alitaka kujenga, sio kuchora tu. Kati ya 1814 na 1815 alichora mipango ya kanisa kubwa la kitaifa la Gothiki hapa Berlin, Leipziger Platz, kanisa la shukrani kwa ukombozi. Hela hakuna. Ndoto ikapunguzwa, ikapunguzwa tena, mwisho kikatoka kitu kama ncha ya mnara wa kanisa, mita 20 hivi, cha chuma cha kumimina, kikawekwa juu ya kilima nje ya mji na kuzinduliwa Machi 1821. Juu yake kuna msalaba wa chuma, na kilima kikaitwa Kreuzberg, yaani mlima wa msalaba, kwa ajili hiyo, baadae mtaa mzima ukachukua jina. Leo pale ni bustani, jua likitoka vijana wamejaa kwenye majani na bia zao, mbwa wanakimbizana, na wengi waliokaa pale hawana habari kwamba wameegemea kilichobaki cha kanisa la ushindi dhidi ya Napoleon. Mi napapenda sana. Ukipanda mpaka juu kabisa unaona ile ncha peke yake, haina kanisa chini yake, unaelewa kwa nini jamaa aliamua kulijenga kwenye turubai.

Cologne ndo habari inanoga, na ndo sababu nasema ile picha iendelee kutazamwa na watu wasiopenda picha za wafalme.

Lile kanisa lilianza kujengwa 1248. Lilijengwa kubwa vile kwa sababu ya mifupa inayoaminika kuwa ya Mamajusi watatu, iliyoletwa 1164 kutoka Milan baada ya mfalme mkuu Barbarossa kuuvunja ule mji, kwa hiyo hata mwanzo wake ni nyara za vita. Wakajenga kwa karne tatu, karibu na 1560 wakaacha kabisa. Mnara wa kusini ukabaki kisiki, na juu ya kisiki ikabaki winchi ya mbao ya kunyanyulia mawe, ikakaa pale juu karne na karne, ikanyeshewa, ikawa ndo alama ya mji, wachoraji wote wakija Cologne wanaichora. Ilishushwa 1868. Sijawahi kuona mji mwingine ambao kitambulisho chake kilikuwa kazi iliyosimama. Wafaransa walipouteka mji 1794 kanisa wakaligeuza ghala.

Alafu mwaka ule ule wa 1814, Napoleon ameanguka, kule Darmstadt ikapatikana nusu ya ramani ya zamani ya mbele ya kanisa, ya kwenye ngozi, ilikuwa darini kwenye nyumba ya wageni, na inasimuliwa kwamba walikuwa wanaanikia maharage. Nusu nyingine ikapatikana Paris 1816. Mwaka huo Schinkel akatumwa Cologne kukagua kanisa, maana eneo lote lile Prussia ilikuwa imekabidhiwa kwenye mkutano wa Vienna, akaandika ripoti kwamba liokolewe. Kwa hiyo mtu aliyechora mnara ambao haujaisha kutoka kichwani, mwaka mmoja baadae amesimama chini ya mnara wa kweli ambao haujaisha na winchi iko juu. Natamani ningeona uso wake.

Jiwe jipya la msingi liliwekwa Septemba 4, 1842, na Friedrich Wilhelm IV, yule mtoto aliyemng'ang'aniza baba yake anunue picha ya Friedrich. Akatoa hotuba nzito ya umoja na undugu wa Wajerumani wote. Katiba? Hiyo hapana. Ilibidi mapinduzi ya 1848 yamwage damu barabarani hapa Berlin ndo mwezi wa Desemba akatoa katiba, tena aliitoa mwenyewe kwa namna anayotaka yeye. Sanamu yake juu ya farasi iko mbele ya mlango wa Alte Nationalgalerie, ndiyo inakupokea ukienda kuiangalia picha ya Schinkel.

Kanisa likaendelea kujengwa kwa hela za serikali na michango ya chama cha wananchi, na zilipopungua wakaanzisha bahati nasibu, minara ile imesimama kwa tiketi za bahati nasibu ujue. Likaisha 1880. Mita 157, hakukuwa na jengo refu kuliko hilo duniani kwa muda. Miaka 632 tangu jiwe la kwanza! Na Ujerumani ilikuwa imeshaungana 1871, kwa vita na Ufaransa, kwa hiyo kwenye sherehe ya Oktoba 15, 1880, kila kitu kwenye picha ya Schinkel kilikuwa kimetimia, minara miwili, Kaisari Wilhelm I amefika na msafara, watu wamejaa. Aliyekosekana ni askofu. Askofu mkuu wa Cologne, Paulus Melchers, alikuwa uhamishoni kwa sababu serikali ya Bismarck ilikuwa kwenye ugomvi na Kanisa Katoliki. Wakazindua kanisa kuu mwenyewe hayupo, mgeni rasmi Mprotestanti.

Halafu kengele. Kwenye mnara wa kusini ilitundikwa kengele ya Kaisari, tani 27 hivi, iliyomiminwa kutokana na mizinga 22 ya Wafaransa iliyotekwa kwenye vita ile ya 1870 na 1871. Mara mbili walimimina ikaharibika, ya tatu ndo ikakubali. Mwaka 1918, vita ya kwanza ya dunia inaelekea kuwashinda, wakaishusha wakaivunja wakaipeleka kuyeyushwa kwa ajili ya silaha. Mzinga, kengele, silaha, ndani ya miaka isiyofika 50. Nilisoma hilo nikiwa kwenye treni nikacheka peke yangu, mama mmoja akaniangalia vibaya.

Sisi nasi tunalo letu, na wengi tunalipita bila kuunganisha. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu pale Dar, mbele ya bandari, ni Gothiki, limejengwa kati ya 1897 na 1902 na wamisionari wa Kijerumani, miaka 17 tu baada ya minara ya Cologne kukamilika, wakati Gothiki kwao ni kama bendera. Na nalo ni kanisa la baada ya vita. Wabenediktini walifikia kwanza Pugu, 1888. Januari 1889 kituo chao kikavamiwa kwenye vita ya Abushiri, wengine wakauawa. Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa Pangani. Ndipo kanisa lenye matao ya kuchongoka likaja kusimama ufukweni, mahali ambapo meli yoyote ikiingia inaliona. Nimebatizwa Mkatoliki na nimeshahudhuria harusi mle ndani, ni zuri, vioo vya nyuma ya altare asubuhi ni balaa. Lakini ukishaiangalia picha ya Schinkel unajifunza kuuliza kanisa la kwenye maji linamwambia nani kwamba vita imekwisha, na pale Dar mshindi hakuacha sehemu ambayo haijaisha ya mwenyeji kujazia.

Turudi Cologne. Vita ya pili ya dunia iliyaona mabomu kuliko kawaida, usiku wa Mei 30 kuamkia 31, 1942 peke yake ndege za Waingereza karibu 1,000 zilipita juu yake. Mji ukawa kifusi. Kanisa likapigwa na mabomu makubwa 14 kwa hesabu zao, mapaa ya ndani yakaanguka, likabaki limesimama katikati ya uwanda wa matofali yaliyovunjika, na picha zile za 1945 kila mtu ameziona. Novemba 1943 bomu moja lilinyofoa kipande kikubwa kwenye kona ya mnara wa kaskazini, ikaonekana mnara unaweza kushuka wote, wakakimbilia kuziba shimo kwa matofali ya kawaida, ya kuchoma, maelfu, mekundu. Kanisa likafunguliwa tena 1948, kwenye miaka 700 yake, lakini lile kiraka la matofali likaachwa. Vizazi viwili vya watu wa Cologne vimekua vinaliona, mawe ya kuchonga kama lesi halafu ghafla ukuta wa stoo.

Na kwenye dirisha la kusini, ambalo vioo vyake viliharibiwa na vita, 2007 mchoraji Gerhard Richter, aliyezaliwa Dresden 1932, akaweka vipande 11,263 vya rangi 72, miraba mitupu, hakuna mtakatifu, hakuna mfalme, hakuna shujaa, na mpangilio mwingi aliuacha kompyuta iuchague kibahati. Kardinali Meisner, askofu mkuu wa Cologne wakati huo, hakulipenda, akasema lingefaa zaidi msikitini. Mimi nilivyoingia nikakuta jua linapita pale na rangi zimelala kwenye sakafu na kwenye viatu vya watu nikasema kardinali alitaka kutukana ila kwa sisi tuliokulia pwani hilo ni sifa.

Sasa lile kiraka. Kuanzia 1996 wakaanza kulishughulikia, na 2005 kona ile ikarudishiwa mawe ya kuchonga, sanamu na mapambo yake kama ilivyokuwa, ukipita leo bila mtu wa kukuonyesha huwezi kujua. Kazi imefanywa vizuri mno, mafundi wale wana karakana yao pale pale kanisani na majukwaa hayajawahi kuisha kwenye kuta, wenyeji wanatania kwamba siku kanisa likiisha na dunia inaisha. Jamaa yangu anaona ni sawa tu, kwamba kidonda ukikifunika sio lazima umekisahau, na babu yake alizaliwa kwenye kifusi kile hahitaji matofali ya kumkumbusha. Mimi ningeulizwa ningeyaacha. Kwenye jengo zima lililobeba mipango ya wafalme, makaisari na washairi, pale ndo mahali pekee palipojengwa na watu wenye haraka wanaoogopa lisiwaangukie, na hakuna aliyewaza hapo kwamba anajenga Ujerumani.